Chuma Hakiamkiwi: Tunamuaga Mzee Tuone

Leo ni Ijumaa, tarehe ishirini na tisa mwezi wa nane. Keshokutwa, mwezi ukiisha, Mzee Tuone anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kuchomelea vyuma katika karakana hii. Mimi ninayeandika nina miaka saba tangu nitoke kwetu, na yote saba nimeiishi chini ya macho yake, macho ya mtu aliyesikia harufu ya kitu kinaungua na hajajua ni wapi.

Shule niliiachia darasa la sita. Mkono wangu umezoea nyundo kuliko kalamu. Bosi alipotafuta mtu wa kuandika wasifu huu, Fundi Rangi alijitolea mara moja, maana maneno yake ni kama rangi yake, yanafunika kila kitu. Mzee Tuone akamkataa. Alisema, "Aandike Mgeni. Huyo hajui kupamba." Mgeni ndiye mimi. Jina hilo nilipewa siku niliyofika na mpaka leo halijachakaa.

Jina lake yeye alijipa mwenyewe bila kujua. Ukimwambia mvua inakuja, anajibu, "Tuone." Ukimwambia mteja ameridhika, "Tuone." Siku alipoletewa habari kwamba mjukuu wake wa kwanza amezaliwa salama na ni mtoto wa kike, alijibu neno lilelile, akavaa viatu, akaenda kuona.

Alianza kazi hapa kama mpakuaji wa mabomba, wakati karakana ilikuwa banda moja lenye mashine moja. Aliyemfundisha kuchomelea ni marehemu baba yake Bosi. Ndiyo maana Bosi humwita baba mdogo hata mbele ya wateja, naye humwita Bosi mwanangu hata anapokataa amri yake. Ametengeneza mageti, vitanda vya hospitali, minara ya matangi ya maji na viti vya kanisani na msikitini bila kubagua. Nusu ya madirisha ya mtaa huu yana nondo alizoziunga yeye. Wezi wa mtaa huu wanamheshimu, na wengine wamehama.

Mimi nilifika na begi moja na uongo mmoja mdogo ambao kila mtafuta kazi huja nao, kwamba kazi naijua. Alinitazama mikono kabla ya uso.

"Nani kakutuma?" akaniuliza.

"Njaa, mzee."

"Njaa ina wajumbe wengi. Tuone."

Kwa miezi kadhaa aliamini nimetumwa na karakana ya ng'ambo ya barabara kuiba siri. Nami niliamini ananificha siri. Kwa hiyo tulikaa tukichungana kama paka wawili kwenye ukuta mmoja, na katika kuchungana huko ndiko nilikojifunza kazi.

Somo la kwanza lilikuwa neno. Niliunga vipande viwili vya chuma, nikavinyanyua, havikuachana, nikatangaza kwa furaha, "Imeshika." Alivibana kwa jiriwa mezani, akapiga nyundo mara moja, kipande kikaanguka. Mshono wangu ulikuwa umekaa juu kama nta ya mshumaa juu ya meza. Akasema gundi ndiyo inayoshika, na kupe, na mkwe mwenye tamaa. Chuma hakishiki. Chuma kinaingia. Moto ukitosha, vipande viwili vinayeyuka, vinaingiana, vikipoa ni kitu kimoja. Moto ukiwa mdogo, unapata mshono mzuri wa kupigia picha, na siku ya uzito ndipo utakapojua kuwa vilikuwa viwili. Tangu siku hiyo, hapa hakuna anayethubutu kusema imeshika. Tunasema imeingia, na kabla ya kusema tunagonga.

Mengine aliyafundisha kwa kunung'unika. Usitazame mwanga, tazama kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka nyuma yake, kwa sababu mwanga ni wa kukudanganya na kidimbwi ndicho kinachosema kweli. Ncha ya kijiti cha kuchomelea iwe karibu na chuma, umbali usiozidi unene wa kijiti chenyewe. Simama vizuri kwanza, maana mtu aliyesimama vibaya huchomelea akiwa na haraka ya kumaliza. Sikiliza. Mshono mzuri unalia kama kitu kinachokaangwa kwa utulivu. Ukisikia unapasukapasuka, acha, kijiti kimenyonya unyevu au mkono wako una wasiwasi. Vijiti alivihifadhi ndani ya oveni kuukuu ya mikate, na kufuli aliweka, kwa sababu alituamini kuhusu vijiti kama alivyotuamini kuhusu mengine yote.

Vifaa vipya vilikuwa kama washukiwa waliofikishwa mbele yake. Mashine ikija kutoka dukani imepakwa rangi nyekundu inayong'aa, aliizunguka, akashika nyaya kuona unene wake, akakibana na kukibanua kibano, kisha akainama na kuinusa. Mashine iliyowahi kuungua ndani, alisema, unaweza kuipaka rangi lakini pua haipakwi. Swali lake kwa muuzaji lilikuwa moja, akiliuliza kwa upole wa kutisha: "Hii inafanya kazi muda gani kabla ya kuomba kupumzika?" Muuzaji akianza kusifu rangi, mzee alikuwa ameshageuka.

Palikuwa na daktari wa meno aliyekuja Jumamosi kujifunza kwa ajili ya kujifurahisha. Alitaka kutengeneza benchi la bustani, na tayari alikuwa amechagua mashine kubwa ya kujengea madaraja. Mzee Tuone alimtuma dukani akanunue glavu za ngozi, kofia ya uso, aproni na viatu vya kufunika, basi. Mashine akamwambia ataazima hapa mpaka aunge vipande vingi asivyovihitaji na kuvivunja vyote. "Mashine ni kitu cha mwisho kununua," alisema. "Macho hayauzwi dukani, ndiyo maana kofia inakuwa ya kwanza." Tulidhani daktari atakasirika. Badala yake wakawa marafiki, kwa sababu tuligundua kuwa na yeye kazi yake ni kugonga kitu kigumu kwa kinyundo na kusikiliza kama ndani kuna uongo. Benchi lipo. Mashine aliyonunua mwishowe ni ndogo, na inamtosha.

Fundi Rangi ana msemo wake kuhusu haya yote. Anasema Mzee Tuone akifika mbinguni atagonga mlango, si ili afunguliwe, bali asikie kama bawaba zimeingia.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa adabu ya sherehe ningeliruka. Siliruki. Mzee mwenyewe aliniita nilipoanza kuandika, akaniambia, "Na lile la ngazi liweke. Ukiliacha nitajua umeniamkia."

Maneno hayo yanahitaji maelezo kwa wageni waalikwa. Kila asubuhi wadogo tunamwamkia, "Shikamoo, mzee," naye anaitikia marahaba huku akitukagua vidole. Hiyo ni haki yake. Lakini sheria ya karakana, aliyoiweka yeye, ni kwamba kila mshono ugongwe na mtu mwingine, si aliyeuunga. Yangu aligonga yeye. Yake tulipaswa kugonga sisi, na hapo ndipo penye aibu yetu sote. Mshono wa mtu mzima, mwalimu wako, utaupigaje kwa nguvu mbele ya macho yake? Tuliugusa tu kwa nyundo, kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe, tukasema, "Imeingia, mzee." Alichukia. "Hiyo ni shikamoo, siyo kugonga. Anayeamkiwa ni mimi. Chuma hakiamkiwi." Tulicheka, na kesho yake tukabisha hodi tena.

Mwaka jana Bosi alinunua mashine mpya, ndogo, inayobebeka kwa mkono mmoja, yenye tarakimu zinazowaka badala ya gurudumu la kuzungusha. Mzee Tuone aliipa jina la redio. Kila alipoipita aliuliza imetangaza nini leo. Alisema kitu chepesi hivyo hakiwezi kubeba moto mzito, na tulimwona amepitwa na wakati, kwa sababu redio ile inachomelea vizuri sana, mimi mwenyewe naipenda. Kisha Jumatatu moja mashine kuukuu ya gurudumu ikafa, akawa hana njia nyingine. Akaanza kutumia redio.

Hapo tukaona jambo geni. Mtu aliyekuwa akipanga moto waziwazi, akituonyesha kila hatua, sasa alitugeuzia mgongo. Aliinama juu ya mashine kama mtu anayefungua kasha la dhahabu, akabonyeza, akafunika kwa kiganja. Fundi Rangi alininong'oneza, "Unaona? Mwalimu mchawi hafundishi pigo la mwisho." Nami nikakubali. Nilimshuku kwa moyo wote. Nilijiambia ameona anakaribia kustaafu, anataka aondoke na kitu ambacho hatukijui, ili turudi kumpigia magoti. Mimi nimetoka mbali kutafuta ujuzi, na nilihisi mlango unafungwa mbele yangu nikiuona.

Kwa sababu ya kinyongo hicho, si kwa sababu ya wema, yalitokea yaliyotokea.

Wiki hiyo tulikuwa tunatengeneza ngazi ya nje ya bweni la wanafunzi, ngazi ya dharura, ghorofa mbili. Mzee Tuone alijitwalia vishikizi, vile vyuma vya pembe vinavyobeba kila kipandio. Gari la kuvichukua vya mwisho lilikuwa limeshafika, injini inanguruma uani, Bosi ana simu sikioni. Nyundo ilikuwa zamu yangu. Kishikizi cha kwanza kilikuwa mezani, mshono wake mzuri, umejipanga kama magamba ya samaki. Mzee akasimama pembeni akifuta mikono.

"Gonga, Mgeni, gari linasubiri," Bosi akasema.

Nikanyanyua nyundo, na badala ya kubisha hodi, nikapiga. Nilipiga kama mtu anayempiga adui. Nilitaka tu kumkera.

Kishikizi kiliachia. Kilianguka sakafuni, kikazunguka, kikatulia. Mshono ulibaki mzima upande mmoja, umebanduka kama gamba la kidonda. Haukuingia.

Dereva alizima injini, sijui alijuaje. Bosi alitazama tarakimu za mashine, kisha akamtazama baba yake mdogo, kisha akaangalia chini. Moto ulikuwa umewekwa mdogo mno kwa chuma kinene kile.

Mzee Tuone akacheka. "Nilikuwa nakutega, Mgeni," akasema. "Miaka saba nasubiri mmoja wenu apige."

Mngeona jinsi tulivyofurahi. Fundi Rangi alipiga makofi, akasema huyu mzee ni shetani, alijua tu. Dereva akacheka. Bosi akavuta pumzi. Hata mimi niliona ufahari, nimefaulu mtego wa mwalimu. Tungeweza kuishia hapo, na leo ningewaandikia hadithi tamu.

Lakini mimi nilikuwa bado namshuku, na macho yangu hayakumwacha. Alikiokota kile kishikizi. Akakisogeza karibu na uso, karibu zaidi, akakigeuza kuelekea mlangoni penye mwanga. Akapitisha kidole gumba kwenye mshono polepole. Mtu aliyetega mtego hauchunguzi hivyo. Kisha akakaa kwenye ndoo, kishikizi bado mkononi.

"Leteni vyote vya tangu Jumatatu," akasema.

"Baba mdogo, si umesema ulikuwa mtego," Bosi akasema.

"Leteni, mwanangu."

Tukaviteremsha kutoka kwenye gari. Akaniashiria nyundo. "Gonga. Na usiniamkie." Niligonga kimoja baada ya kingine, naye alikaa pale kichwa ameinamisha, akisikiliza. Vilivyoingia vilitoa mlio mmoja mrefu. Kabla hata cha pili kuachia, yeye alishasema, "Hicho." Kabla ya cha tatu, "Na hicho." Hakukosea hata kimoja. Masikio yalikuwa yanamwambia kile ambacho macho yalimficha wiki nzima.

Vingine vilikuwa vimeshafungwa bwenini. Mchana huohuo tulikwenda wote, yeye mbele. Alimwambia mwalimu wa zamu, bila kuzungusha maneno, kwamba ngazi isikanyagwe na kwamba kosa ni lake. Tulizungushia kamba chini. Wasichana walisimama madirishani wakituangalia, mmoja akauliza kwa sauti kama ngazi ina ugonjwa. Mzee Tuone akamjibu, "Ngazi ni nzima, mwanangu. Aliyeitengeneza ndiye mgonjwa." Tulivikata vishikizi vyote, hata vizuri, tukaunga upya. Hakuna aliyeumia. Ngazi ile leo inapandwa na watu wengi kuliko inavyotakiwa, na tumeigonga mara nyingi kuliko kitu chochote tulichowahi kutengeneza.

Jioni, tukirudi, Bosi alimuuliza tena kama kweli ulikuwa mtego. Alijibu, "Ulikuwa mtego. Nilitega, nikanaswa." Halafu akatueleza. Tarakimu za redio zilikuwa zikimchezea. Sita aliiona nane. Gurudumu la zamani alilijua kwa mkono, hakuhitaji kusoma, ndiyo maana hatukugundua na yeye hakutaka kugundua. Alitugeuzia mgongo ili tusimwone akikodoa. Siri niliyodhani ananinyima ilikuwa hiyo. Ujana wake wote alichomelea kwa kioo kilichopasuka, wakati kofia nzuri ilikuwa kitu cha mafundi wakubwa, na macho yanakumbuka.

Kesho yake aliomba kustaafu. Hakuna aliyemsukuma. Alisema amemshuku kila mtu hapa, muuzaji, mashine, mimi, mpaka mpika chai, na mtu pekee ambaye hakuwahi kumshuku ndiye aliyekaribia kuangusha watoto wa watu. Mimi tangu siku hiyo ninamwamini. Ni mtu wa kwanza kumwamini tangu nitoke kwetu, na bado nashangaa.

Kuhusu nyundo ya ukaguzi, msidhani alinikabidhi kwa machozi. Alinipa, akaninyang'anya, akanipa tena. Alinionya kwamba niligonga kwa hasira, na hasira haiji kila siku, kwa hiyo nijifunze kugonga bila hasira na bila adabu. Hilo ni gumu kuliko kuchomelea. Sasa hivi kuna kijana mpya ananiamkia asubuhi, na jana nilimwona akibisha hodi kwenye mshono wangu. Nilimwambia chuma hakiamkiwi. Alicheka.

Leo wafanyakazi wamemtengenezea kiti cha kupumzikia, chenye mkono mpana wa kuwekea kikombe. Nimekiunga mimi, Fundi Rangi amekipaka, na daktari wa meno amenunua mto. Wageni waalikwa, mzee akiletewa kiti msishangae akiomba nyundo kwanza. Fundi Rangi ameombwa asitanie wakati huo, lakini sina imani naye. Bosi amemnunulia miwani, na mzee ameshauliza duka gani, na kama wana mashahidi.

Mzee Tuone, kwa niaba ya wote uliotushuku, tunakushukuru. Umetuachia mageti yasiyolegea na wasiwasi wenye manufaa. Nenda ukakae na mama na mjukuu wako, mwanga uwe nyuma yako na usiwe machoni, na kila utakachokikalia kiwe kimeingia.

Na mimi naomba ruhusa ya mstari mmoja. Mama yangu ana mlango unaofungwa kwa kamba tangu nilipoondoka, nami safari hii nakwenda kumwekea wa chuma. Ninaondoka wiki ya pili ya mwezi ujao. Ijumaa zote nitakazokuwa mbali, Mzee Tuone amekubali kuja kukaa kwenye kiti chake mlangoni mwa karakana, asikilize nyundo inavyogonga. Nitarudi Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja. Nilimweleza hivyo jana, nikamwapia.

Akanijibu, "Tuone."